UZI: Kwa nini paina ya Sweden inavumilia nyuzi -40 na miche yetu ya Makete inaungua kwa nyuzi -4?

#1 Mwanakitalu

Wakuu, heshima zenu.

Nyumbani ni Mufindi, ila kwa sasa nafanya kazi kwenye kitalu cha miche kaskazini mwa Sweden, maeneo ya Umeå. Kila ikifika Juni na Julai simu yangu inajaa picha za miche ya paina iliyounguzwa na jalidi: Makete, Njombe, mpaka kwetu mabondeni. Chini ya picha swali ni lile lile: "Paina si mti wa baridi? Mbona huko kwenu inakaa kwenye theluji nusu mwaka?"

Nimekuwa nikijibu vipande vipande WhatsApp, haitoshi. Leo naandika yote mahali pamoja, na msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia. Hakuna mti wa baridi. Kuna mbegu iliyotoka mahali fulani ikiwa imerithi ratiba ya mahali hapo, na kuna mazingira yanayouambia mti umefika wapi kwenye ratiba hiyo. Ratiba ikipishana na mahali ulipopanda, mti unaumia, hata kama jamii yake inasifika kwa baridi kuliko zote duniani.

Paina ya huku ni Pinus sylvestris. Eneo lake la asili linaanzia Uskoti na milima ya Hispania, linapita Ulaya ya kaskazini na kwenda hadi mashariki mwa Siberia. Hakuna paina nyingine yenye eneo kubwa namna hiyo. Kuna sehemu za Siberia ambako baridi inashuka chini ya nyuzi -50 na miti hiyo imesimama.

Sasa chukua tawi la mti huo huo mwezi Julai, uligandishe kwa nyuzi -10 usiku mmoja. Ukilitoa, sindano zinalegea na kupoteza rangi kama mchicha uliochemshwa, na siku chache baadaye zimekuwa kahawia. Rudi kwenye mti huo Januari, chukua tawi jingine, ligandishe kwa nyuzi -40: halina neno. Mti ni ule ule na jeni ni zile zile. Kilichobadilika ni maandalizi ya miezi michache.

Maandalizi gani? Baridi ikishuka, maji yaliyo kwenye nafasi kati ya seli na seli ndiyo huganda kwanza. Barafu hiyo inavuta maji kutoka ndani ya seli, seli inanywea. Kwa hiyo seli nyingi zinazokufa kwa jalidi zinakufa kwa kukaushwa: utando unaoizunguka seli unapasuka na vilivyomo vinavuja. Barafu ikijiunda ndani ya seli yenyewe, hapo hakuna kupona. Mti uliojiandaa umejaza sukari ndani ya seli zake, umetengeneza protini za kulinda zinazoitwa dehidrini, na umebadilisha mafuta ya ule utando ili usikakamae kwenye baridi. Kazi hiyo inadai muda na chakula, na sehemu ya mti ambayo bado inarefuka haiwezi kuifanya. Ndiyo maana kwenye picha zenu zote ncha ndiyo imeungua kwanza.

Maandalizi yana hatua mbili. Ya kwanza inaanzishwa na usiku, wala si baridi. Sindano zina chembe ya rangi inayoitwa faitokromu ambayo inauwezesha mti kupima urefu wa giza. Giza likipita kipimo fulani, mche unaacha kurefuka na kufunga tumba la kilele. Huku hilo linatokea mwishoni mwa kiangazi, watu bado wanaogelea ziwani. Hatua ya pili inaletwa na ubaridi wenyewe: joto likikaribia sifuri, kisha jalidi ndogo ndogo, mti unazidi kukomaa wiki baada ya wiki. Mche ulioruka hatua ya kwanza haufiki mbali kwenye ya pili.

Kile kipimo cha giza ndicho kinachorithiwa. Nakunywa chai narudi na sehemu ya urithi.

#2 Kijana wa Tandala

Naweka kambi hapa. Mkuu, mimi ni mmoja wa waliokutumia picha. Lakini kabla hujaenda mbali: miche yangu ilitoka kwenye mfuko mmoja wa mbegu, kitalu kimoja, nikaipanda wiki moja. Ya bondeni imeungua karibu yote, ya mtelemkoni iko salama kabisa. Kama tatizo ni mbegu, mbona mbegu ile ile imeishi hatua mia moja juu yake?

#3 Mwanakitalu

Swali zuri kaka, na jibu lake nalishika, lisubiri kidogo. Nimalize urithi kwanza maana bila huo la bondeni halitaeleweka vizuri.

Watu walianza kulishuku jambo hili zamani. Mfaransa Philippe-André de Vilmorin alianza miaka ya 1820 kupanda pale Les Barres, Ufaransa, paina za sylvestris zilizotoka nchi mbalimbali, zote kwenye udongo mmoja na mvua moja. Hazikukua sawa. Kama tofauti ingekuwa ya udongo tu, zingefanana. Huo ndio mtego wa kitaalamu mpaka leo: ukitaka kujua nini ni cha kurithi, ondoa tofauti ya mazingira. Panda asili nyingi, yaani mbegu za kutoka sehemu nyingi, shamba moja. Ukitaka kujua nini ni cha mazingira, fanya kinyume: asili moja, mashamba mengi.

Hapa Sweden, Olof Langlet alikusanya paina za mamia ya maeneo, akapima kiasi cha vitu vikavu (kinachobaki maji yakiondolewa) kwenye sindano zao wakati wa kujiandaa na baridi, akatoa kazi yake mwaka 1936. Alichokiona kiliwakera waliotaka kugawa paina katika makabila yenye mipaka. Hakukuwa na mpaka. Ukitoka kusini kwenda kaskazini, ustahimilivu unapanda kidogo kidogo, mfululizo, ukifuata latitudo.

Kwenye kitalu unaliona hili kwa macho. Otesha mbegu ya kusini mwa Finland, latitudo ya 60, bega kwa bega na ya kaskazini kabisa, latitudo ya 67 au 68. Meza moja, maji yale yale, mbolea ile ile. Ya kaskazini inafunga tumba wiki kadhaa mapema. Mche wake ni mfupi, sindano zimekaza, rangi imeanza kwenda zambarau. Wa kusini bado uko laini, kijani, unarefuka. Mnunuzi asiyejua atachagua ule mrefu. Usiku wa kwanza wa nyuzi -8 unakuja, na anayebaki ni yule mfupi.

Na msifikiri kuna jeni moja ya baridi ambayo mtu ataichomoa na kuipandikiza. Ramani ya jeni ya paina ya Marekani, Pinus taeda, ilipochapishwa mwaka 2014 ilionekana ina herufi kama bilioni 22, karibu mara saba ya binadamu. Ustahimilivu wa baridi umetawanyika kwenye jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Isitoshe, jeni zinazoamua mti ujiandae lini kabla ya majira ya baridi kwa sehemu kubwa siyo zile zinazoamua uamke lini baada yake. Unaweza kuwa na mti hodari wa Oktoba ukauawa na jalidi ya Mei kwa sababu uliamka mapema.

#4 Mama Mbao

Shikamoo wakubwa, marahaba wadogo. Nina shamba Mafinga na ninauza miche. Mwanangu Mwanakitalu, hii yote inanipeleka kwenye jibu moja: tuchume mbegu kwenye miti yetu iliyo hapa hapa, imeshazoea. Mbegu ya nyumbani ndiyo salama. Au nakosea?

#5 Mwanakitalu

Shikamoo mama. Nitakujibu kwa heshima lakini sitakubaliana nawe moja kwa moja, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: hata hapa, kwa mti wa asili ya hapa, mbegu ya jirani siyo bora siku zote. Miaka ya 1950 Sweden ilipanda mlolongo wa mashamba ya majaribio kaskazini, asili nyingi kila shamba. Vladimir Eiche akaandika matokeo mwaka 1966 na yalikuwa machungu: kwenye maeneo magumu miti ilikuwa inaendelea kufa mwaka baada ya mwaka, gome la chini ya shina limeuawa na baridi pande zote. Asili zilizoletwa kutoka kaskazini zaidi ziliishi vizuri kuliko za pale pale. Tangu hapo desturi ya maeneo magumu ya huku imekuwa kushusha mbegu kutoka kaskazini. Unapoteza kidogo kwenye kasi ya kukua, unapata miti iliyo hai. Siku hizi taasisi za utafiti, Skogforsk ya Sweden na Luke ya Finland, zina programu ya mtandaoni: unaweka mahali pa shamba lako, inakuonyesha mbegu ipi itaishi na itakua kwa kiasi gani, mabadiliko ya tabianchi yakiwa yamehesabiwa ndani.

Ya pili: kuona mti mama siyo kumjua baba. Chavua ya paina inasafiri na upepo kilomita nyingi sana. Huku walichukua vikonyo (vijitawi) vya miti hodari ya kaskazini wakavipandikiza kwenye bustani za mbegu kusini, ili vizae vizuri penye joto. Kwenye baadhi ya bustani hizo karibu nusu ya mbegu zilikuwa na baba wa nje, yaani paina za msitu wa jirani wa kusini. Watoto wakatoka laini kuliko mama zao.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Huko Norway, Øystein Johnsen na Tore Skrøppa walifuatilia sprusi, jamaa ya paina. Wakagundua kwamba joto ambalo mbegu inakulia ikiwa bado kwenye koni linaacha kumbukumbu. Wazazi ni wale wale, ila mbegu iliyokomaa penye joto inazaa miche inayochelewa kufunga tumba na kuungua zaidi. Herufi za jeni hazijabadilika, kilichobadilika ni namna zinavyosomwa. Kwa hiyo hata ule mstari wa "hiki ni cha urithi, hiki ni cha mazingira" unapita katikati ya mbegu yenyewe.

Kwa hiyo mama, neno "imeshazoea" linategemea. Mti wako mmoja mkubwa haujazoea. Ila kama ulipanda miche mia tano, hamsini ikafa kwa jalidi, iliyobaki ikazaa. Hapo ndipo mchujo ulipo. Kama umechuma koni kwenye shamba la mtelemkoni ambalo halijawahi kuona jalidi, hakuna kilichochujwa kwa ajili ya bondeni.

#6 Mama Mbao

Hapo nimekuelewa vizuri. Maana wengi tunachuma kwenye mti mmoja ulio karibu na barabara, koni ziko chini chini mkono unafika.

#7 Mwanakitalu

Na huo ndio mti wa kuuacha mama. Mti wenye matawi ya chini hadi ardhini, umejitenga, mara nyingi umejichavusha wenyewe, na watoto wa namna hiyo wanadumaa. Chuma kwenye miti mingi, iliyo mbalimbali, ndani ya shamba zuri. Bora zaidi, mbegu ya bustani ya mbegu yenye kumbukumbu za asili yake.

@Kijana wa Tandala, sasa zamu yako. Miche yako ya mfuko mmoja ni lile jaribio la pili nililolitaja: asili moja, mahali pawili. Umelifanya bila kukusudia na jibu lake ni safi kabisa.

Jalidi ya nyanda za juu kusini ni ya usiku mweupe: hakuna wingu, hakuna upepo, hewa kavu. Ardhi inatoa joto lake kwenda angani usiku kucha. Hewa iliyogusana na ardhi inapoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu na kujikusanya bondeni. Mtelemkoni hewa hiyo inapita, bondeni inatuama. Tofauti ya nyuzi kadhaa kati ya sehemu mbili zenye umbali mdogo ni jambo la kawaida. Patula yako (Pinus patula, paina mnayopanda huko) ya mtelemkoni huenda haikufika hata -1, ya chini ikakaa -4 au -5 kwa saa nyingi.

Na ndani ya bonde lenyewe kuna mambo ya kuangalia:

Nyasi. Mche uliozungukwa na majani marefu au matandazo unaungua zaidi ya ulio kwenye udongo uliopaliliwa. Udongo mtupu, wenye unyevu kidogo, unakula jua mchana na kulirudisha usiku. Nyasi zinazuia pande zote mbili. Wengi wanaacha nyasi wakidhani zinaufunika mche.

Kizuizi. Kama chini ya shamba lako kuna ua mnene wa miti au tuta la barabara linaloziba mdomo wa bonde, hewa baridi haina pa kutokea. Fungua njia.

Urefu. Usiku wa jalidi, baridi kali kabisa iko karibu na ardhi. Mche wa sentimita 20 umezama wote, mti wa mita mbili umetoa kichwa. Aliyepanda mvua za kwanza Desemba anaingia Juni na mche uliosimama. Aliyepanda Machi anaingia na mche laini ambao mizizi yake haijashika.

#8 Kijana wa Tandala

Kuna tuta la barabara. Kweli kabisa, na kalavati lake limezibwa na magugu. Sikuwahi kuliunganisha na jalidi.

#9 Mzee wa Molo

Salaam kutoka Kenya. Nimesoma kutoka mwanzo na nimefurahia sana. Nina maswali mawili.

La kwanza: huku Molo tuko karibu na ikweta, usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Sasa mti unajua aje kwamba msimu wa baridi umekaribia?

La pili: si kila sindano ya kahawia ni jalidi. Wazee wetu walipanda paina aina ya radiata sehemu hizi, na ugonjwa wa Dothistroma ukaimaliza miaka ya sitini mpaka upanzi wake ukaachwa, tukaingia patula. Kijana akiona kahawia asikimbilie kulaumu baridi pekee.

#10 Mwanakitalu

Mzee, shikamoo. La pili nalikubali bila nyongeza nyingi. Tofauti ya kuangalia: jalidi inaunguza kwa pamoja, usiku mmoja, ikianzia ncha changa, na inafuata ramani ya bonde. Dothistroma inaanza na madoa na pete nyekundu kwenye sindano za zamani za chini, inapanda juu taratibu, na inapenda unyevu. Huku kuna na kahawia ya aina ya tatu: jua la Machi linapasha sindano, zinapoteza maji, wakati mizizi iko kwenye udongo ulioganda haiwezi kunywa. Mti unakauka umezungukwa na maji.

Swali la kwanza ndilo roho ya uzi huu. Umeå katikati ya kiangazi tuna jua zaidi ya saa 20 kwa siku, katikati ya baridi halifiki saa 5. Alama haiwezi kukosewa. Makete tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama saa moja tu, na kwako Molo haipo. Kwa hiyo patula haina saa kali kama ya sylvestris. Kwao ni milima ya mashariki na kusini mwa Mexico, kwa kawaida mita 1,500 hadi 3,000 hivi. Inakua kwa awamu: inasukuma, inapumzika, inasukuma tena, ikisikiliza joto na maji. Usiku wa baridi ya nyuzi 5, 3, 2 ukifuatana wiki kadhaa, na udongo ukianza kukauka, patula inapunguza mwendo na kukomaa kiasi. Inafika uvumilivu wa nyuzi chache chini ya sifuri, basi. Hadi -40 haifiki hata ukiipa miaka, kwa sababu uwezo wenyewe haumo kwenye urithi wake.

Hii ina maana moja nzito kwa shamba. Jalidi ya hatari kwenu ni ile inayokuja kwa ghafla baada ya wiki za joto na mvua. Mwaka ambao ubaridi umeingia polepole, nyuzi -4 inaweza kupita na kuacha ncha tu. Mwaka ambao Mei yote ilikuwa ya joto, nyuzi -3 inafagia.

Na kinyume chake: kuna watu wameniuliza niwatumie mbegu ya huku "isiyoogopa baridi". Tafadhali, hapana. Sylvestris ya kaskazini ikikutana na usiku wa saa kumi na mbili inaamini majira ya baridi yamefika. Inafunga tumba ikiwa na urefu wa kidole na kukaa hapo. Ustahimilivu unaoutaka umefungwa pamoja na ratiba isiyo yako.

#11 Mtema Kuni

Nimekaa miaka Afrika Kusini kwenye kampuni ya misitu, niongeze kitu. Kule mgogoro wa jalidi ulikuja kwa mlango wa ugonjwa. Kuvu iitwayo Fusarium circinatum ilionekana mara ya kwanza kwenye kitalu cha patula mwaka 1990, na miaka iliyofuata ikawa inaua miche mingi vitaluni na baada ya kupandwa. Patula haina kinga nayo. Wakaigeukia Pinus tecunumanii, ya kuanzia Chiapas Mexico hadi Nicaragua, hasa ile ya miinuko ya chini ya mita 1,500, maana inastahimili kuvu vizuri sana. Tatizo: hiyo hiyo ya chini ndiyo laini zaidi kwa jalidi.

Wakazalisha chotara, patula mama na tecunumanii baba. Kwa baridi chotara anakaa katikati ya wazazi. Ukitumia baba wa miinuko ya juu, chotara anavumilia jalidi zaidi kuliko wa baba wa miinuko ya chini. Kwa hiyo shamba moja linapandwa kwa ramani: mabega ya mlima chotara, mashimo ya jalidi patula yenyewe au Pinus greggii ya kaskazini mwa Mexico ambayo ni ngumu zaidi. Ninaomba watu wa Njombe na Makete walisikie hili, maana miche ya chotara inatangazwa kwa kasi yake ya kukua tu, na anayeinunua haulizwi shamba lake liko wapi.

#12 Mwanakitalu

Ahsante sana mkuu, hii ndiyo sehemu niliyokuwa natamani aje mtu aliyeshika miche yenyewe aieleze. Na hapo mnaona latitudo imebadilishwa na mwinuko. Huku tunauliza "mbegu ya kaskazini kiasi gani?" Kwenye paina za Mexico na Amerika ya Kati swali ni "mbegu ya mita ngapi?" Kanuni ni moja. Ndugu zetu wa Uganda wanaopanda Pinus caribaea kwenye nchi ya joto wamechagua sawasawa kwa pale walipo, lakini caribaea hiyo ukiipandisha Kitulo, mita 2,600, ni kuipeleka machinjioni.

#13 Binti Misitu

Habari zenu. Niko chuo, mwaka wa tatu. Naomba kuuliza: ustahimilivu mnaupima vipi bila kusubiri jalidi ije iue?

#14 Mwanakitalu

Hili nalifanya kila msimu, nitakueleza hatua kwa hatua.

Miche ya huku mingi haibaki nje majira ya baridi. Inafungwa kwenye maboksi na kuhifadhiwa kwenye vyumba vya nyuzi chache chini ya sifuri mpaka masika. Ukiifunga kabla haijakomaa, inaozea humo, boksi zima. Kwa hiyo kuanzia Septemba tunakata ncha za matawi ya sampuli na kuzigawa mafungu mawili. Fungu moja linakaa kwenye ubaridi wa kawaida usioganda. La pili linaingia kwenye mashine inayoshusha joto taratibu mpaka -25. Taratibu ndiyo neno kubwa: ukishusha kwa kasi unaua hata mti uliokomaa, kwa sababu maji hayapati muda wa kutoka kwenye seli.

Baada ya kuyeyuka, kila ncha inawekwa kwenye kichupa cha maji safi yasiyo na chumvi, inaachwa usiku kucha. Seli zilizopasuka zinavujisha chumvi zake ndani ya maji. Unachovya kipimo cha upitishaji wa umeme, unasoma namba. Kisha unazichemsha ncha zote zife kabisa, unasoma tena: hiyo ndiyo chumvi yote iliyokuwemo. Mgawanyo wa namba ya kwanza kwa ya pili unakuambia asilimia iliyovuja. Fungu la -25 likikaribia lile ambalo halikugandishwa, miche imekomaa, tunafunga maboksi. Likiwa juu, tunasubiri.

Kwa patula unabadilisha kiwango tu: -3, -6, -9 badala ya -25, na unatumia vipande vya sindano. Friji ya kugandisha yenye kidhibiti kizuri, maji yaliyosafishwa, kipimo cha upitishaji. Ukichukua asili tatu au nne za mbegu kutoka miinuko tofauti na kuziotesha kitalu kimoja, una utafiti wa shahada hapo, na wa maana kwa nchi.

#15 Binti Misitu

Nimeunakili wote. Na mbolea? Tunafundishwa naitrojeni nyingi inalainisha mti, usiweke.

#16 Mwanakitalu

Naitrojeni ikizidi na ikichelewa inaendeleza ukuaji wakati mti unatakiwa kusimama, hilo ni kweli. Ila mche wenye njaa nao haustahimili: sukari na protini za kulinda zinatoka wapi? Lisha vizuri mapema, punguza mwishoni, na maji vivyo hivyo. Kwenye vitalu vya huku kuna hata kufunika miche kwa pazia jeusi ili kuurefusha usiku, hasa sprusi, isimame mapema. Patula ya Makete siwezi kukushauri pazia, nakushauri kupunguza maji na mbolea wiki za mwisho na kuiondoa kivulini mapema.

#17 Mzee wa Molo

Na hii dunia kupata joto, si itatuondolea shida hii yote?

#18 Mwanakitalu

Natamani ingekuwa hivyo mzee. Joto linaongezeka, lakini urefu wa usiku wa Agosti hapa Umeå haubadiliki. Mti unaosikiliza usiku utafunga tumba siku ile ile hata kama nje kuna mwezi mzima wa kukua umeongezeka, na msimu huo unapotea bure. Upande wa masika ni hatari zaidi: kuamka kunasikiliza joto. Wiki ya joto mwezi Machi inauvua mti ustahimilivu wake, kisha usiku wa -15 unarudi kama kawaida. Kule British Columbia, Kanada, walilifikiria mapema. Jaribio lao la Pinus contorta la mwaka 1974 lina asili 140 kwenye maeneo 60, na limewasaidia kupanga mbegu ihamishwe kwa hali ya hewa, siyo kwa umbali kwenye ramani. Hawahamishi mbali kwa mkupuo, maana mti utakaopendeza mwaka 2070 lazima kwanza uvuke baridi ya mwaka huu.

#19 Kijana wa Tandala

Mkuu, kalavati nimelizibua leo asubuhi na vijana wawili. Mbegu ya msimu ujao sijanunua. Nikifika kwa muuzaji nimuulize nini hasa? Na ile iliyoungua niing'oe?

#20 Mwanakitalu

Usiing'oe sasa. Subiri wiki sita hadi nane. Kwaruza gome la shina kwa ukucha, anzia juu ukishuka. Ukikuta kijani na unyevu, hapo kuna uhai na chipukizi linaweza kutoka. Ukikuta kahawia mpaka usawa wa ardhi, ng'oa na upande upya mvua zikianza, siyo Machi.

Kwa muuzaji muulize: jamii gani hasa, na kama ni chotara, baba ni nani, koni zilichumwa shamba gani na mita ngapi juu ya usawa wa bahari, miti mingapi ilichumwa, mwaka gani. Asipojibu la pili na la tatu, usinunue ya bondeni kwake. Majibu yaandike kwenye daftari pamoja na namba ya mstari ulikopanda, na uweke kipimajoto cha kiwango cha chini kimoja bondeni na kimoja mtelemkoni, urefu wa goti, kisifunikwe na nyasi. Julai ukishapata namba zako, zirushe hapa, nitazipitia na @Mtema Kuni akiwa na nafasi.

#21 Mtema Kuni

Nipo. Azirushe.